Spishi Vamizi na Mahusiano ya Viumbe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayojitokeza kila mazungumzo kuhusu sangara, gugu maji, kunguru au mti wa mathenge yanapoanza, iwe mwaloni wanakoshushia samaki, darasani au katika kikao cha kijiji. Majibu mengi yanatoka Ziwa Victoria, kwa kuwa hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo tumeona kwa uwazi zaidi kiumbe mmoja mgeni akibadilisha maisha ya mamia ya wenyeji. Mengine yanatoka Laikipia na Baringo nchini Kenya, Serengeti na pwani.

Spishi ngeni ni ipi, na kwa nini si kila spishi ngeni huitwa vamizi?

Spishi ngeni ni aina ya kiumbe iliyofikishwa na binadamu, kwa kukusudia au kwa bahati mbaya, mahali ambapo isingefika yenyewe. Huitwa vamizi pale tu inapozaana bila kusaidiwa, ikaenea, kisha ikawadhuru viumbe wa asili au watu wanaowategemea. Mahindi na muhogo vilitoka bara la Amerika, lakini havivamii kitu: shamba la mahindi likiachwa misimu miwili, huoni hata bua moja lililojiotea.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba ugeni si tabia ya kiumbe, bali ni habari ya mahali alipo. Sangara ni mwenyeji katika Mto Naili, Ziwa Albert na Ziwa Turkana, ambako anaishi na samaki waliomzoea kwa vizazi visivyohesabika. Ni samaki huyohuyo aliyevuruga Ziwa Victoria. Jopo la kimataifa la sayansi kuhusu bioanuwai (wingi wa aina za viumbe), IPBES, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba binadamu amehamisha zaidi ya spishi 37,000 duniani, na kati ya hizo zaidi ya 3,500 zina madhara. Ni sehemu ndogo, lakini imechangia asilimia 60 ya matukio ya kutoweka kwa spishi yaliyorekodiwa.

"Mahusiano ya viumbe" maana yake nini hasa?

Ni namna viumbe wanavyogusana: kula na kuliwa, kushindania chakula au makazi, kuishi kwa kumnyonya mwingine kama afanyavyo kupe, na kufaidiana, kama nyuki na ua. Watu wakizungumzia uhifadhi huhesabu majina, yaani tuna aina ngapi za ndege na aina ngapi za samaki. Orodha hiyo ni muhimu, lakini huchelewa kutupa habari. Kabla spishi haijatoweka, uhusiano wake na wenzake huwa umekwisha kukatika, na ni kukatika huko kunakoanza kubadilisha ziwa au nyika wakati orodha bado inaonekana kamili. Mgeni anapoingia, swali la kwanza la kuuliza ni nani alikuwa anategemeana na nani, na mgeni amejiingiza kati ya akina nani.

Sangara aliingiaje Ziwa Victoria?

Aliletwa na watu. Uvuvi wa ngege, sato wa asili wa ziwa hili, ulikuwa umeshuka sana tangu nyavu za kisasa zilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, na maafisa wa uvuvi wa enzi za ukoloni walitaka samaki mkubwa atakayewala furu wadogo, ambao waliwaona hawana thamani sokoni, na kuwageuza kuwa minofu inayouzika. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, na upandikizaji rasmi ukafanyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alikuwa ameandika mwaka 1960 kupinga mpango huo, akieleza hatari ya kuingiza mla-samaki mkubwa katika ziwa ambalo samaki wake hawakuwahi kuishi naye. Tunalitaja hilo kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba hakuna aliyejua. Onyo lilikuwapo.

Sato tunayemla leo, naye ni mgeni aliyeletwa katika miaka hiyohiyo. Wengi hawalijui hili.

Sangara alifanya nini baada ya kuingia?

Kwa karibu miaka ishirini hakufanya jambo la kuonekana, na ukimya huo ndio uliowatuliza watu. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya hadi katikati ya miaka ya 1980 katika Ghuba ya Mwanza, akaongezeka ghafla.

Ili kuelewa alichokivunja, ni lazima kwanza kumwangalia furu. Anajaa kiganjani. Jike lake halitagi mayai na kuyaacha, bali huyabeba kinywani kwa wiki kadhaa bila kula vizuri, na hata vifaranga vikishaanguliwa hukimbilia kinywani mwa mama vinapoona hatari. Ziwa Victoria lilikuwa na takriban spishi 500 za samaki wa jamii hii, wote wakiwa wametokana na mababu wachache katika muda ambao kwa mabadiliko ya viumbe ni mfupi mno, maana ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Kila kundi lilikuwa na kazi yake. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, wapo waliovunja konokono kwa meno ya kooni, wapo waliokula matope ya chini yenye mabaki ya mimea, wapo waliokula uduvi, na wapo hata waliowashambulia majike wengine ili wateme vifaranga na kuvila. Samaki mwenye watoto wachache anaowalea kwa kinywa ana kinga nzuri dhidi ya maadui wadogo, lakini hana kinga yoyote dhidi ya samaki anayeweza kufikia kilo 200 na kummeza mama na watoto wake kwa mkupuo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi Mwanza mwaka 1977, wakati furu bado walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa. Katika muda usiofika miaka kumi, sehemu hiyo ilishuka chini ya asilimia 1. Spishi zinazokadiriwa kufikia 200 au zaidi zilitoweka machoni pa watafiti, baadhi kabla hazijapewa jina.

Lakini idadi hiyo ni nusu ya habari. Furu waliokuwa wakila mwani na matope walipoondoka, kazi hiyo ilibaki bila mfanyakazi. Uduvi wa ziwani waliongezeka kwa wingi, na dagaa nao wakaongezeka kwa kuwa washindani wao wa chakula walikuwa wamepungua. Sangara, akiwa amewamaliza furu, aligeukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe. Mdiria, ndege mvua samaki wa Ghuba ya Mwanza, ambaye zamani aliwalisha watoto wake furu, akaanza kuvua dagaa. Nje ya maji mambo yalibadilika vilevile. Furu mdogo alianikwa juani akakauka, ilhali sangara ana mafuta mengi na hakauki kwa jua, ni lazima abanikwe au akaangwe. Moto unataka kuni, na miti ya kando ya ziwa ikalipa gharama ya samaki.

Je, ni haki kumlaumu sangara peke yake?

Hapana, na mhifadhi anayemlaumu sangara peke yake atatibu ugonjwa mmoja na kuuacha mwingine.

Katika miaka hiyohiyo ziwa lilikuwa likipokea rutuba nyingi kupita kiasi kutokana na mmomonyoko wa udongo wa mashamba, maji taka ya miji inayokua na majivu ya mioto yanayoletwa na upepo. Mwani ulistawi, maji yakawa kama supu ya kijani, mwanga ukapungua na hewa ya oksijeni ya kina kirefu ikaisha kwa vipindi virefu. Furu wa kilindini walikosa pa kuishi hata pale ambapo sangara hakuwafikia.

Uharibifu wa ajabu zaidi ulitokea bila samaki kuliwa. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wanaokaribiana sana, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Jenasi yao, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ilipewa neno letu la Kiswahili kwa sababu ya mistari ya ubavuni, na wa pili anabeba jina la Mwalimu Nyerere. Dume la kwanza lina rangi ya buluu iliyofifia, na dume la pili lina mgongo mwekundu unaowaka. Jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa meupe kama yalivyo kando ya kisiwa cha Makobe, kila jike humtambua wa kwake, na spishi mbili zinabaki mbili. Maji yakichafuka, rangi hazionekani vizuri, majike hukosea, na watoto huwa mchanganyiko. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1997. Spishi mbili zinakuwa moja bila hata samaki mmoja kufa, kwa sababu tu uhusiano wa jike na dume ulihitaji mwanga, na mwanga umezimwa na mbolea iliyosombwa kutoka shambani.

Sangara ameleta ajira na fedha za kigeni. Mnataka aondolewe?

Hatutaki, na haiwezekani. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Hakuna wavu wa kummaliza. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu, Entebbe na Jinja vimelisha familia nyingi, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, yanasafirishwa hadi Asia kwa bei ya juu kuliko minofu, na hata mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani, yana soko lake. Ni lazima pia kusemwa kwamba samaki aliyekuwa kitoweo cha mwenyeji aligeuka bidhaa ya kwenda Ulaya, na mama aliyekuwa akianika furu ufukweni akajikuta ananunua mapanki.

Kinachowezekana ni kumvua kwa akili. Uvuvi mkubwa wa sangara ndio uliowapa furu nafasi ya kupumua kuanzia miaka ya 1990. Kwa hiyo mvuvi si mtu wa nje ya mfumo ikolojia, yeye sasa ndiye mla-nyama wa juu kabisa anayemdhibiti sangara. Shida ni makokoro, yaani nyavu za kukokotwa, na nyavu za macho madogo, ambazo huwakusanya watoto wa sangara pamoja na furu walewale tunaotaka warudi. Kanuni ya kutovua sangara aliye chini ya sentimita 50 ina maana ya kiikolojia, si usumbufu wa ofisini.

Furu wamerudi kweli?

Baadhi yao wamerudi, hasa wale wanaokula viumbe wadogo wanaoelea majini. Lakini waliorudi si sawasawa na walioondoka. Haplochromis pyrrhocephalus wa Ghuba ya Mwanza amerudi akiwa na matamvua makubwa zaidi, jambo linalomsaidia kupumua kwenye maji yenye oksijeni kidogo, na anakula mawindo makubwa kuliko babu yake. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya miongo michache. Wale waliokuwa na kazi za pekee, kama wavunja konokono na walaji wa furu wenzao, hawajarudi kwa kiwango hicho.

Wengine walinusurika kwa sababu ya mahali. Miamba yenye nyufa na vinamasi vya mafunjo ni maficho, kwa kuwa sangara hapendi maji ya kinamasi yasiyo na oksijeni ya kutosha. Anayefyeka mafunjo kando ya ziwa ili apande mboga anabomoa ngome ya mwisho ya samaki hawa bila kujua.

Gugu maji lilifikaje, na ni kweli kwamba wadudu walilimaliza?

Gugu maji lina asili ya Amerika Kusini. Lilisambazwa duniani kama ua la mapambo, na lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likishuka pia na Mto Kagera kutoka Rwanda na Burundi. Katika maji yenye rutuba linaweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000, bandari ya Kisumu ikazibwa na mitumbwi ikakwama kwenye zulia la kijani ambalo ndege waliweza kutembea juu yake.

Wadudu waliolishambulia ni fukusi wawili wa jenasi ya Neochetina, ambao nao asili yao ni Amerika Kusini. Waliachiliwa kuanzia mwaka 1995 nchini Uganda, kisha Kenya na Tanzania. Ukichukua jani la gugu maji leo ukalielekeza kwenye mwanga, utaona mabaka madogo yaliyokwanguliwa, kila baka dogo kuliko punje ya mtama. Hayo ni meno ya fukusi mzima. Kazi kubwa hufanywa na mabuu wake wanaotoboa shina kwa ndani hadi mmea unajaa maji na kuzama. Mawimbi na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 yalisaidia kuyavunja mashamba yaliyokwisha dhoofika. Kusema kwamba fukusi walilimaliza si sahihi, kwa sababu mbegu zake hukaa matopeni kwa miaka mingi na kila mvua kubwa inapoleta rutuba mpya, gugu hurudi, hasa katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Fukusi hupunguza, wala hawafuti.

Je, si hatari kuleta mdudu mgeni ili kupigana na mgeni mwingine?

Ni hatari pale kazi inapofanywa kwa pupa. Fukusi wale walichaguliwa kwa sababu walipimwa kwanza kuhakikisha kwamba hawawezi kuishi bila gugu maji. Mfano mwingine mzuri ni nyigu mdogo kutoka Paraguay, Anagyrus lopezi, aliyeachiliwa Afrika kuanzia mwaka 1981 dhidi ya kidung'ata, mdudu anayeshambulia muhogo. Hutaga yai ndani ya kidung'ata huyo na ameokoa chakula cha mamilioni ya watu. Tofauti kati ya nyigu huyu na sangara ni chaguo la chakula: mmoja anategemea mdudu wa aina moja tu, mwingine anakula chochote kinachoingia kinywani.

Mdudu mdogo anaweza kweli kubadilisha mawindo ya simba?

Ndiyo, na hili ndilo jibu tunalopenda kulieleza kwa urefu, maana hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mahusiano yanavyoshikana.

Katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Laikipia, nchini Kenya, karibu miti yote ni ya aina moja: mgunga unaolia kama filimbi. Kwenye vitako vya miiba yake kuna vinundu vilivyovimba, vyeusi, vyenye uwazi ndani na vitundu vidogo pembeni, na upepo ukipita kwenye vitundu hivyo mti hupiga mluzi mwembamba. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi wa jenasi ya Crematogaster. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu unaotoka kwenye majani, nao wanaulinda. Tikisa tawi kidogo, nao wanatoka kwa mamia wakiwa wameinua matumbo juu. Tembo, pamoja na ukubwa wake wote, hawezi kuvumilia sisimizi wakimwingia mkongani, ambako ngozi ni laini. Anauacha mti huo na kutafuta mwingine.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 sisimizi wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, mgeni anayeaminika kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi na anayesafiri na mizigo ya binadamu, alionekana akienea huko, makumi ya mita kwa mwaka. Anawaua sisimizi wenyeji pamoja na mayai na mabuu yao, kisha anaishi ardhini bila kuulinda mti. Katika maeneo aliyovamia, tembo huvunja miti mara tano hadi saba zaidi kuliko kwingine. Nyika iliyokuwa na vichaka ikawa wazi. Simba huwinda kwa kunyatia na anahitaji kichaka cha kujificha. Punda milia aliyeona mbali hakamatiki. Utafiti ulioongozwa na Douglas Kamaru katika hifadhi ya Ol Pejeta, uliochapishwa mwezi Januari mwaka 2024 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba punda milia huuawa na simba mara karibu tatu pungufu katika maeneo yaliyovamiwa. Mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba yaliyorekodiwa, na kufikia mwaka 2020 wakashuka hadi asilimia 42. Katika muda huohuo nyati walipanda kutoka sifuri hadi asilimia 42.

Idadi ya simba haikupungua. Anayehesabu simba tu angesema hakuna kilichotokea. Lakini nyati ni mnyama mkali anayeua simba, na kumwangusha kunahitaji kundi. Simba wanaishi maisha mengine, kwa sababu ya mdudu asiyefika urefu wa punje ya mchele.

Basi tuwafungie tembo nje kwa uzio ili miti ipone?

Kwa muda, uzio unaweza kusaidia mahali palipovamiwa. Lakini pale ambapo sisimizi wenyeji bado wapo, matokeo yake hayakutarajiwa. Mtafiti Todd Palmer na wenzake walieleza mwaka 2008 kilichotokea katika viwanja vya Laikipia vilivyozungushiwa uzio wa umeme kwa miaka kumi, ambamo wanyama wakubwa wala-majani hawakuingia. Miti isiyoliwa na mnyama ilipunguza vinundu na utomvu, kwa kuwa haikuwa na sababu ya kumlipa mlinzi. Walinzi waliokosa ujira wakazembea, na nafasi yao ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine ambaye haulindi mti bali hukaa kwenye matundu yanayotobolewa na mabuu ya mbawakawa. Miti hiyo, iliyokuwa salama dhidi ya tembo na twiga, ilikua polepole zaidi na kufa kwa wingi zaidi. Adui alikuwa sehemu ya mkataba.

Je, ugonjwa unaweza kuhesabiwa kuwa mvamizi?

Ndiyo. Virusi vya sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, viliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na ng'ombe walioletwa kutoka nje, vikateketeza mifugo ya Wamasai na wafugaji wengine katika miaka ya 1890, na vikawaua nyumbu na nyati vilevile. Kwa miongo mingi Serengeti ilionekana ni nchi ya nyumbu wachache, na wageni waliamini hivyo ndivyo ilivyoumbwa. Chanjo ya ng'ombe kando ya hifadhi ilipouondoa ugonjwa kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wengi walikula nyasi nyingi, mioto ikapungua kwa kukosa cha kuunguza, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni moja ya nyakati chache ambazo mvamizi ameondolewa kabisa, na iliyomwondoa ni sindano ya ng'ombe.

Kunguru wa pwani wanaweza kumalizwa?

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, kisha wakavuka hadi bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, wanaiba vifaranga vya kuku, na pale walipojaa, sauti za ndege wengine hupungua. Unguja iliwapunguza sana katika miaka ya 1990, lakini kampeni iliposimama walirudi. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Sumu na mitego hufanya kazi, lakini uhusiano unaowalisha ni kati yao na jaa lililo wazi, na jaa hilo ni letu.

Mathenge unazaa mkaa mzuri. Kwa nini tusiutumie tu?

Watu wanautumia, na hilo si kosa. Mti huu uliletwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukageuka msitu wa miiba uliofunika malisho. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, sukari yake huozesha meno na fizi, na jamii ya Ilchamus ilimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kuonyesha madhara hayo. Mbuzi huyohuyo ndiye anayeusambaza, kwa sababu mbegu hupita tumboni bila kuharibika na kuangukia kwenye samadi. Mchoma mkaa anayekata shina na kuacha kisiki hupata mashina matano mahali pa moja. Matumizi yana faida pale tu kisiki kinapong'olewa chini ya udongo, maganda yakasagwa kabla ya kulishwa mifugo, na nyasi zikapandwa mahali palipofunguliwa.

Kuna sheria inayozilazimu nchi kuchukua hatua?

Mkataba wa Bioanuwai, katika ibara ya 8(h), unazitaka nchi wanachama kuzuia, kudhibiti au kutokomeza spishi ngeni zinazotishia mifumo ikolojia. Mpango wa Kunming na Montreal, uliokubaliwa na nchi wanachama wa mkataba huo mwaka 2022, umeweka lengo la kupunguza kasi ya kuingizwa na kujikita kwa spishi vamizi kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2030.

Mimi ni mfugaji wa samaki. Linanihusu vipi?

Linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote katika ukurasa huu. Ngege, aliyekuwa samaki wa thamani kuliko wote kabla ya sangara, karibu atoweke katika ziwa kuu. Ameliwa, amenyang'anywa mazalia na sato, na amechanganyika naye kwa kuzaana. Amebaki katika maziwa madogo ya pembeni, likiwemo Ziwa Kanyaboli katika kinamasi cha Yala, ambako mafunjo yamemkinga. Bwawa likifurika usiku mmoja wa masika, sato wa bwawani hufuata mtaro hadi kinamasini, na kizazi kimoja cha mchanganyiko kinatosha kuanza kuufuta ukoo ambao hakuna maabara inayoweza kuurudisha. Uliza vifaranga unavyonunua vimetoka wapi. Weka wavu imara mahali maji yanapotokea bwawani, uukague kabla ya mvua, na ukiamua kuacha ufugaji, vua samaki wote uwale au uwauze, usiwafungulie mtoni.